Upande wa Pili Baada ya Kura

Papa na maman, tonton na tantine, majirani wa Evere, wafanyabiashara wa Chaussée de Wavre, Wakristo wa parokia yetu, na ninyi ndugu zetu Waislamu mliofika mapema kuliko sisi wenyewe, familia inawasalimu na kuwaomba mketi vizuri, kwa maana maisha mtakayosomewa leo Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 2018, si mafupi, na mwenyewe aliagiza akiwa kitandani kwamba yasipunguzwe hata kama chakula kitapoa. Aliagiza pia kwamba watu wacheke panapochekesha, na kwamba msomaji awe mdogo wake Polycarpe, ambaye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, si kwa sababu anasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu sauti yake inawafikia hata waliobaki nje wakivuta sigara.

Marehemu Pétronille Kasoki alizaliwa tarehe 29 Juni 1962 mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, akiwa mtoto wa nne wa papa yetu Tharcisse, fundi baiskeli, na mama yetu Antoinette, aliyeuza maharagwe sokoni, na tangu alipoanza kutembea mikono yake haikujua kutulia, alisuka wadogo zake, alisuka kamba za mbuzi, na msimu wa mahindi ulipofika alisuka hata ndevu za mahindi mabichi shambani, mpaka mama akakataza kwa sababu mavuno yalikuwa yanarudi nyumbani yakiwa na mitindo. Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na shule ya ushonaji mpaka mwaka 1979, alipoacha ili kumsaidia mama baada ya papa kuumia mgongo, na masista walihuzunika kumpoteza, ingawa mmoja wao alikiri kwamba darasa lilipata utulivu.

Hapa familia inaomba mzingatie jambo moja, kwa sababu mambo yake mengine yote yanatoka hapo. Mwaka 1984, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliitwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, akavaa kitenge chake kizuri, akapanga foleni tangu jua halijapanda, na alipofika mbele akakuta mgombea ni mmoja tu, na bwana mmoja mwenye kofia akimwonyesha kwa kidole karatasi ya kuchukua na karatasi ya kuacha. Alirudi nyumbani akavua viatu, akamwambia mama, "Mama, nilienda kuchagua, kumbe wamekwisha kunichagulia," na toka siku hiyo akaweka nia moyoni kwamba kabla hajaingia kaburini atachagua kweli, walau mara moja, mtu anayemtaka yeye, mahali anapoishi yeye. Wengine huomba nyumba, wengine huomba gari, dada yetu aliomba kura.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa takatifu na papa Bienaimé, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ambaye alimpata kwa kuja kwake kila juma anyolewe naye nywele, ingawa hata wakati ule uwanja ulikuwa umekwisha kufunguka katikati ya kichwa na kazi ya kunyoa ilikuwa ndogo sana. Vita vilipoingia mwaka 1996 walivuka mpaka kwenda Uganda, wakakaa Kampala kwa shida tusizotaka kuzirudia hapa, na tarehe 14 Novemba 1998 wakafika Brussels, ambapo Mungu, aliyewaweka wakingoja kwa karibu miaka kumi, aliwapa mtoto wao mmoja, Abigaël, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 2000, na ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Mnamwona pia jinsi kichwa chake kilivyo, nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa, tunajua mmekwisha kunong'onezana, vumilieni kidogo, tutafika.

Papa Bienaimé alipata kazi ya kusukuma wagonjwa kwenye vitanda vya magurudumu katika hospitali kubwa ya chuo kikuu huko Jette, wakahamia Evere mwaka 2002, na marehemu, baada ya kusafisha ofisi za watu kwa muda, alifungua duka tarehe 2 Mei 2003 kwenye Chaussée de Wavre, katika mtaa wetu wa Matonge, pamoja na rafiki yake wa maisha, da Hidaya, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, yeye akiuza vitenge upande wa mbele, na dada yetu akisuka nywele upande wa nyuma, nyuma ya pazia. Walipoandikisha biashara yao waliandika kwamba wanauza nguo na vipodozi, na hawakutaja kusuka hata kwa neno moja, wala hawakuwa wanaficha chochote, ni kwamba kwetu kusuka hakukuwahi kuhesabiwa kuwa biashara, mtoto wa kike anasuka kama anavyotembea, na nani anakwenda ofisini kuandikisha kwamba anatembea? Kosa hilo lilikaa kimya miaka kadhaa likingoja siku yake.

Mwaka 2004 ilipitishwa sheria iliyowaruhusu wageni wasiotoka katika nchi za Ulaya, waliokaa nchini kihalali miaka mitano, kupiga kura kuchagua viongozi wa komini zao, yaani halmashauri za mahali wanapoishi, mradi wajiandikishe wenyewe na kuahidi kwa maandishi kwamba wataheshimu sheria za nchi. Dada yetu aliisikia redioni mikono ikiwa ndani ya nywele za mtu, akapiga kigelegele cha kumfanya mteja aruke kwenye kiti, na milango ya kujiandikisha ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza pale komini ya Evere, akiwa amevaa kitenge kile kile cha mwaka 1984, kimebana kidogo lakini kimeingia. Alirudi akidhani wanawake wote wa Matonge watamfuata kesho yake.

Hakufuata hata mmoja. Huyu alisema ukisaini ile ahadi utavuliwa uraia wa Kongo, yule alisema ni mtego wa kujua nani yuko wapi ili arudishwe, mwingine alisema ukijiandikisha halafu usiende kupiga kura unalipa faini, na huyo wa mwisho alikuwa anasema kweli, jambo lililowapa nguvu wale wawili wa kwanza. Marehemu alieleza mpaka sauti ikamkauka, wateja wakaitikia ndiyo maman, kweli maman, wakalipa, wakaenda na misuko yao mizuri, na kujiandikisha hawakujiandikisha.

Ndipo mwezi wa nne wa mwaka 2006 alipogundua kile ambacho kila msusi anakijua lakini hakuna aliyewahi kukitumia serikalini, yaani kwamba mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Alikuwa akianza daima upande wa kushoto, akifika katikati kwenye mstari anaweka kitana mezani, anafuta mikono, na kusema kwa upole kama mtu anayekaribisha chai, "Bon, upande moja iko tayari, alors unaenda kwanza ku commune kujiandikisha, ukirudia na karatasi, njo nitamalizia." Mteja wa kwanza aliyefanyiwa hivyo, mama mmoja wa Bukavu ambaye familia haitamtaja kwa sababu yupo hapa na amevaa vizuri, alilia, "Maman Kasoki, unataka nipite mu bus hivi? Watu watasema nini?" na marehemu akamjibu, "Watasema ule mama anaenda kuvoter. Acha waseme!"

Aliyeokoa mpango huo ni da Hidaya. Aliona mama wa Bukavu amekaa amenuna, kitambaa hana na kutoka hataki, akavua mtandio wake nyuma ya pazia, akaketi kwenye kiti na kusema, "Nisuke mimi nusu, dada, mimi mtandio wangu unanisitiri, nitakwenda naye tukiwa wawili, na njiani hakuna atakayejua nani kasukwa nusu." Wakatoka wote wawili, mmoja amefunikwa na mwingine amejifunika kitenge alichoazimwa dukani, wakaandikishwa, wakarudi wakicheka mpaka wakashindwa kupanda ngazi ya mlango, na kuanzia hapo likawa jambo la fahari. Mpaka mwisho wa mwezi wa saba ungeweza kuwaona akina mama wa Kivu na wa Bujumbura kwenye mabasi ya kwenda Evere, Schaerbeek na Molenbeek, upande mmoja umetulia na upande mwingine umesimama kuelekea mbinguni, na makarani wa komini wakaanza kuwatambua mlangoni bila kuwauliza wamekuja kufanya nini.

Tarehe 8 Oktoba 2006, Jumapili, dada yetu Pétronille Kasoki alipiga kura. Alipewa kadi, akaingia nyuma ya ubao, akakuta skrini yenye majina mengi kuliko parokia, akasoma yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho wakati foleni nyuma yake ikikohoa, akachagua, na alipotoka akanyoosha kidole gumba mbele ya bwana wa meza ili kipakwe wino, kwa maana Kongo nako walikuwa wanapiga kura mwaka ule ule na picha za vidole vyenye wino zilikuwa zimetufikia. Yule bwana alimweleza kwa adabu kwamba hapa hakuna wino, kura imekwisha, anaweza kwenda, lakini marehemu hakuelewa mtu atarudije mbele ya watu kutoka kwenye kura na kidole cheupe, hivyo alikwenda moja kwa moja saluni, akafungua rangi nyeusi ya nywele, akachovya gumba, akakaa nalo jeusi majuma mawili, akilionyesha kwa dereva wa basi, kwa padri na kwa daktari wa meno. Jioni ile kila aliyepiga kura alipita dukani kuchovya, na papa Bienaimé, aliyekuwa amechovya kidole kisicho chake cha kupigia kura kwa sababu alikuwa anakula kwa kile kingine, alizomewa na kuambiwa arudie.

Laiti tungeweza kuishia hapo. Mwaka uliofuata ilikuja amri mpya iliyomtaka kila anayefungua saluni athibitishe kwa cheti au kwa mtihani kwamba kazi anaijua, na waliokuwa wameandikishwa tangu zamani kama wasusi waliachwa waendelee, lakini duka letu, mnakumbuka, liliandikishwa kuwa la nguo na vipodozi. Tarehe 12 Februari 2008 alikuja mkaguzi, mama mstaarabu mwenye mkoba mwekundu, akanunua kwanza kitenge, kisha akafungua pazia, akakuta kiti, kioo, vitana, na da Hidaya amesukwa upande wa kushoto tu, akaeleza kwa masikitiko kwamba mikono hiyo isimame mara moja, hata ule upande wa kulia usimaliziwe, mpaka sheria itimizwe.

Marehemu, ambaye alikuwa amewafundisha watu miaka miwili kwamba sheria ya mahali unapopigia kura ni sheria yako, hakuwa na pa kujificha, akaweka kitana chini. Alisema jioni ile nyumbani, na papa Bienaimé ndiye shahidi, "Kama ninafungua kwa nyuma, kesho wataniuliza niliapa nini ku commune," akalia, kwa sababu saluni ndiyo iliyokuwa shule yake na kanisa lake la pili, na bila kile kiti maneno yake yasingemshika mtu. Naye da Hidaya, alipoambiwa aende akamaliziwe na msusi mwingine mtaa wa pili, alifunga mtandio na kusema hatamaliziwa na mtu yeyote isipokuwa aliyemwanzia, na kwa kuwa misuko haikai milele, akawa anafumua na kujisuka upya mwenyewe mbele ya kioo, upande ule ule wa kushoto, na upande wa kulia akauacha hivyo hivyo, miezi ikapita, na aliyeona ni mume wake peke yake, ambaye familia inamshukuru kwa uvumilivu.

Mtihani wa kwanza ulifanyika mwezi wa tano, na kila mtahiniwa alitakiwa kuleta mtu wa kumtengeneza nywele mbele ya wasahihishaji. Dada yetu alimpeleka mpwa wetu Aziza, akaanza vizuri, upande wa kushoto ukatoka unang'aa mpaka msahihishaji mmoja akainama kuutazama, na alipofika katikati kwenye mstari, kwa mazoea ya mikono yake, akaweka kitana mezani, akafuta vidole, na kwa kuwa baada ya kura alikuwa amehamia kuwahimiza wateja wakate bima, akamwuliza Aziza kama amekwisha kukatia duka lake bima ya moto. Aziza akasema bado. Marehemu akaanza kumweleza, kwamba mahali panapoingia watu lazima paangaliwe, kwamba moto hauulizi karatasi, kwamba yeye mwenyewe duka lake amelikatia, na alipogeuka kuchukua kitana muda ulikuwa umekwisha, na wasahihishaji wakaandika walichokiona, yaani nusu kichwa. Alianguka mtihani, na aliporudi Matonge kueleza sababu, akina mama walicheka kwa uchungu, maana kila mmoja wao aliwahi kukaa kwenye kiti hicho.

Mtihani wa pili ulikuwa tarehe 27 Septemba 2008, na safari hii Aziza hakwenda hivi hivi, alikalishwa dukani na da Hidaya siku nzima akafundishwa maneno ya kusema. Marehemu alipofika katikati, mkono ukaanza kushuka kuelekea mezani, na kabla kitana hakijagusa meza Aziza akapaza sauti mbele ya wasahihishaji wote, "Tantine, nimejiandikisha, niko na bima ya moto, niko na mutuelle ya matibabu, gari iko na assurance, nimelipa kila kitu, suka tu!" Wasahihishaji hawakuelewa Kiswahili lakini walielewa kwamba kuna dharura, dada yetu akachukua kitana na kwenda mpaka mwisho bila kupumua, akafaulu, na Jumamosi iliyofuata saluni ilifunguliwa kwa jina lake halisi, na aliyeketi wa kwanza ni da Hidaya, akavua mtandio, na upande wake wa kulia ukasukwa baada ya kungoja tangu Februari.

Kuhusu bima, familia haina budi kueleza, kwa sababu leo asubuhi wengi wenu mmeuliza mlangoni bakuli la mchango liko wapi, na wengine mmekasirika mkidhani tumewadharau. Mwaka 2010, baada ya kuona kila msiba wa Matonge ukianza kwa bakuli kupita na ugomvi kufuata, marehemu alijikatia bima ya mazishi yake mwenyewe, akaja nyumbani akiwa na furaha kama aliyenunua viatu, na papa Bienaimé akasimama katikati ya chumba akasema, "We Kasoki, unaita kifo mu nyumba yangu?" Akamjibu, "Simwiti, Bienaimé, njia anaijua mwenyewe, mimi naweka tu mambo mu ordre ili siku akifika asikute watu wanapigana." Papa alihamia kwenye kochi kwa muda, akidai anaangalia mpira, kisha mgongo ukamshinda, akarudi, na mwaka uliofuata akasaini yake bila kumwambia mtu.

Basi kila kitu mnachokiona hapa, jeneza, maua, gari na shimo kule makaburi ya Evere, alikwisha kukipanga mwenyewe, na alichagua Evere wala si Butembo, akasema mtu apumzike karibu na komini yake, asije akaamka siku ya kiyama akiwa mbali na kituo cha kura. Bakuli halipo, toeni mikono mifukoni, mle tu.

Mwaka 2011 alipata uraia wa Ubelgiji pamoja na Abigaël, na mwaka 2012 barua ya kura ilimfikia nyumbani yenyewe bila yeye kuiomba, akapiga kura kama wajibu unavyomtaka kila raia, lakini alilalamika kwamba kura inayokufuata mpaka mlangoni haina utamu wa ile uliyoipandia basi ukiwa nusu kichwa. Huenda ndiyo maana mtoto wake mwenyewe alimshinda. Abigaël, ambaye ni mwanafunzi na ana akili nzuri, familia inasema hivyo bila kumpaka mafuta, alitimiza miaka kumi na minane mwaka huu, na barua yake ya kwanza ya kura, hii ya kesho tarehe 14 Oktoba, ilipofika aliiweka chini ya bakuli la matunda na kusema kwamba wote ni wale wale, yeye haendi, faini ikija atailipa. Mama aliyewaandikisha wanawake wa komini tano alikaa jikoni akimtazama binti yake kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. Waligombana wiki nzima kwa sauti ambayo majirani wa ghorofa ya tatu wanaikumbuka, na mtatusamehe.

Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuonekana tangu mwezi wa Novemba 2017, ukaanzia kwenye ini, akatibiwa Jette, katika hospitali ile ile ambayo papa Bienaimé anasukuma vitanda, na kila alipopelekwa kupimwa papa alikataa mtu mwingine asishike kitanda kile. Alivumilia vizuri. Aliwauliza wauguzi wote kama wamejiandikisha, hata Wabelgiji wa kuzaliwa, na daktari mmoja mwenye nywele ndefu alinusurika kusukwa nusu kwa sababu ya kuwa na haraka.

Mwishoni mwa Septemba alimwita Abigaël, akamwambia aketi sakafuni kando ya kitanda, mgongo wake ukiegemea godoro, akaanza kumsuka. Mikono ilikuwa imepungua nguvu, kilichokuwa kazi ya saa moja kikachukua alasiri mbili, msuko ukisimama yeye akipumzika, ukiendelea yeye akihema, na hawakugombana hata kidogo, walizungumza habari za mahindi ya Butembo yaliyokuwa yakirudi nyumbani na mitindo. Alipofika katikati kwenye mstari aliweka kitana juu ya shuka. Abigaël, ambaye amekulia katika saluni ile na anajua maana ya kitana kuwekwa chini, akacheka huku machozi yakimtoka, akasema, "Non, maman, si mimi, mimi ni mutoto wako!" na mama akamwambia, "Njo sababu. Ile ingine, kisha kura." Akamwuliza, "Utamaliza wewe?" akajibu, "Tarehe kumi na tano, asubui, unikute hapa."

Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Oktoba 2018, saa tisa alasiri, papa Bienaimé akiwa ameshika mkono mmoja na da Hidaya mwingine.

Mnajua desturi yetu, mfiwa hasuki, na aliyesukwa anafumua. Tantine zetu wa Butembo walipiga simu siku nne mfululizo wakitaka kichwa cha mtoto kifumuliwe, hapa pia wapo waliosema ni aibu kumzika mama hivyo, na wengine, kwa huruma, walitaka kummalizia upande wa pili ili aonekane vizuri mbele yenu. Abigaël aliwakatalia wote, wa kufumua na wa kumalizia, bila kueleza sababu, na familia ilipokaa kikao papa Bienaimé alisema neno moja tu, kwamba kazi ya mke wake haiguswi. Lakini kama atakwenda kupiga kura au hatakwenda, hakutuambia, na sisi hatukumwuliza, kwa kuwa kumwuliza mtoto wa Kasoki ni kumpa nafasi ya kubisha, na kusema kweli tumekaa siku hizi zote mioyo ikiwa juu juu, tukiogopa kwamba mama yake atakuwa amefungua milango kwa kila mtu isipokuwa ule wa nyumbani kwake.

Kabla ya kumalizia, familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Jette waliomtunza na kumvumilia, wasukuma vitanda wenzake papa Bienaimé waliombadilishia zamu, majirani wa Evere waliopika bila kuulizwa, makarani wa komini ambao wawili wao tunawaona hapo nyuma, padri wetu, shehe aliyekuja na kukaa mpaka sasa, wafanyabiashara wote wa Chaussée de Wavre waliofunga milango yao leo siku ya Jumamosi, jambo ambalo hata wakaguzi hawajawahi kuliweza, na zaidi ya wote da Hidaya, ambaye tukimshukuru kwa maneno tutalala hapa.

Historia ilikuwa inaishia hapo. Lakini asubuhi hii, tukiwa tunapanda gari, Abigaël alimpa msomaji tangazo hili, akataka lisomwe mwisho kabisa. Kesho Jumapili, tarehe 14, saluni ya mama yake itafunguliwa saa sita mchana, hataingia ila aliyetoka kupiga kura, rangi nyeusi itakuwa mezani kwa ajili ya vidole, na yeye Abigaël, akishachovya cha kwake, ataketi kwenye kile kiti amaliziwe upande wa kulia. Atakayemsuka ni da Hidaya. Da Hidaya anaomba mjue mapema kwamba si msusi, kusuka alijifundisha mwaka 2008 mbele ya kioo, kwa kichwa chake mwenyewe, upande wa kushoto tu, na upande wa kulia hajawahi kuugusa maishani mwake, kwa hiyo msuko wa kesho hautafanana na ule wa mama, na mnaruhusiwa kucheka.

Maman Kasoki, upande wako umetulia. Pumzika kwa amani, wa pili tutaumaliza sisi.